Farasi Asiye na Ndoo

Picha ya tatu iliingia kwa chini ya mlango saa nne na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, wakati Annonciata akikunja mashuka ya mwanawe. Hakusikia hatua za mtu. Alisikia karatasi ikikwaruza zulia, na alipogeuka ilikuwa imekwisha kulala pale, uso chini. Hakuigusa. Alimshika Élodie mkono, wakaingia bafuni, wakajifungia, na humo ndimo alimompigia simu Nyaboke kwa sauti ya kunong'ona.

Nyaboke Mogaka alifika baada ya dakika kumi na nane. Alikuwa mama wa miaka arobaini na tisa, mnene wa wastani, mwenye magoti yasiyopenda ngazi. Nakuru alikuwa inspekta wa upelelezi kwa miaka kumi na mmoja. Hapa Houston alikuwa na leseni ya upelelezi wa binafsi, ameitundika ukutani kando ya cheti chake cha uuguzi, na kati ya karatasi hizo mbili cheti ndicho kilichomlisha. Watu wa mtaa wa Alief walimsifu kuwa mwanamke asiyejua woga. Laiti wangemwona asubuhi hiyo garini, akitazama kioo cha nyuma mara nyingi kuliko barabara. Aliogopa, na sababu aliijua vizuri. Annonciata alikuwa amehamia nyumba hii siku kumi na mbili tu zilizopita, tena kwa siri, na mleta picha tayari alikuwa ameijua.

Alivaa glavu za kazini, akaiokota, akaigeuza. Ilikuwa picha ya farasi wa shaba, ameinamisha kichwa. Hakukuwa na mtu wala neno. Nyuma, kwa penseli, iliandikwa namba 16.

Aliipanga juu ya meza ya jikoni pamoja na zile mbili za kwanza. Namba 14 ilikuwa mnara mrefu wa matofali wenye kengele, na ilikuwa imesukumwa chini ya mlango wa nyumba ya zamani mwezi Machi. Namba 15 ilikuwa mnara wa taa mweupe na piramidi ya mawe kando yake, na hiyo Annonciata aliikuta ndani ya Biblia yake, kanisani, katikati ya ibada. Polisi walikwisha kuziona mbili hizo. Askari wa zamu alizipenda, akasema ni majengo mazuri, akauliza ni ya nchi gani. Hakukuwa na tishio lililoandikwa, kwa hiyo hakukuwa na kosa. Huo ulikuwa mwaka 2006, na sheria ya Texas haikuwa imemkataza mtu kumgawia mwenzake picha ya jengo.

Lakini Annonciata alijua ni majengo gani hayo. Yalikuwa ya Port Elizabeth, mji wa pwani ya Afrika Kusini, alikoishi miaka mitano baada ya kukimbia Uvira, Kongo. Aliyajua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba aliyolelewa. Mnara wa kengele ulisimama karibu na bandari, una vidato mia mbili na nne, na wageni walikuwa wakipanda wakihesabu kwa sauti hadi pumzi ziwaishe. Piramidi aliijenga kaimu gavana wa Kiingereza kumkumbuka mkewe Elizabeth, aliyekuwa amefia India; mji ukapewa jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuukanyaga. Farasi alichongwa kuwakumbuka farasi waliokufa katika vita vya Waingereza na Makaburu. Juu kidogo palikuwa na ngome ya kale yenye mizinga ambayo, kwa maelezo ya wenyeji, haikuwahi kumfyatulia adui hata risasi moja.

Yote hayo aliyajua kupitia kwa kaka yake mdogo, Heritier. Heritier alikuwa mpiga picha wa barabarani. Kila mkimbizi aliyefika Port Elizabeth aliazima koti zuri, akaenda kusimama mbele ya mnara, mbele ya taa, mbele ya farasi, akapigwa picha za kupeleka nyumbani ili mama yake aamini kwamba mwana amefika salama na mambo yake si haba. Heritier alizipiga, akazisafisha, akamletea mteja mahali walipopatana kukutana. Jumamosi moja ya Machi 2001, mchana kweupe, alichomwa kisu kwenye ngazi za piramidi, mkoba wake ukachukuliwa. Muuaji hakupatikana.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Saa kumi alasiri hiyo Annonciata alikuwa ahamie Mansfield, upande wa Fort Worth, kwa binamu yake Josiane. Ilikuwa mara ya nne anakimbia, na Élodie alikuwa akilia kwa sababu ya shule yake. Kama Nyaboke hangemjua mleta picha kabla ya saa kumi, Annonciata angeondoka, na huyo mtu angeijua Mansfield kama alivyoijua nyumba hii. Annonciata alisema hivyo mwenyewe, ameegemea mlango wa bafu, nusu ndani nusu nje.

Nyaboke alivuta kiti, akawasha taa ya jikoni, akainama juu ya picha.

"Mama Élodie, nisaidie hapa," akasema. "Kaka yako alikuwa anapiga jengo tupu? Bila mtu?"

"Hapana, mama. Filimu ilikuwa bei kali. Heritier hakupigaka nyumba bila mutu. Nyumba itakuja kuchukua foto yake?"

Hapo Nyaboke akatoa rula. Picha zote tatu zilikuwa na urefu mmoja, lakini upana ulipungua, na ukingo wa kulia haukuwa umenyooka kama wa mashine. Ulikatwa kwa mkasi. Kwenye namba 14, chini kabisa penye ukingo, ilibaki ncha ya kiatu. Kwenye namba 15 kilibaki kivuli cha kichwa chenye kofia. Mtu alikuwa amesimama upande wa kulia katika kila picha, na mtu huyo ameondolewa.

Aliomba daftari. Annonciata alilitoa kwenye begi, daftari dogo la Heritier lenye jalada la bluu, kitu pekee ambacho muuaji hakukichukua kwa sababu siku ile lilibaki nyumbani. Alikuwa amelisoma mara nyingi asielewe, kwani Heritier alijiandikia mwenyewe. Wakimbizi hawapendi kuacha majina, basi aliwaandika wateja kwa mavazi. Nyaboke alipitisha kidole hadi ukurasa wa mwisho: 14 hadi 17, kofia nyekundu, mnara, taa, farasi, ngome, Jumamosi, ngazi za piramidi.

Alilisoma mara mbili. Namba hizo nne zilikuwa za mteja mmoja. Mteja huyo ndiye aliyepatana kukutana na Heritier kwenye ngazi za piramidi, Jumamosi ileile. Na mkoba ulikuwa na picha za wateja wengi, mamia pengine. Mbona mleta picha alituma za mtu mmoja tu? Kwa sababu hizo ndizo alizobaki nazo. Nyingine alizitupa. Hizi alishindwa kuzitupa, maana ni wangapi kati yetu wanaoweza kuichoma moto picha yao wenyewe? Alijikata, akatuma kilichobaki, akidhani jengo halina mdomo.

"Huyu anayekutumia," Nyaboke akasema polepole, "hajatumwa na muuaji. Ni yeye mwenyewe."

Annonciata alikaa chini, palepale kwenye vigae vya bafu.

Saa tano kamili, ambayo ni saa kumi na mbili jioni kule kusini, Nyaboke alipiga simu Port Elizabeth kwa kadi ya simu. Alikuwa amezungumza mara moja kabla na afisa aliyekabidhiwa faili la Heritier. Afisa alikuwa mchovu lakini muungwana. Alisema faili halijafa. Palikuwa na shahidi mmoja, mama muuza karanga aliyekaa hatua chache kutoka kwenye ngazi, na huyo aliwaambia polisi tangu siku ya kwanza kwamba jina halijui ila uso ataujua hata baada ya miaka ishirini. Nileteeni uso, afisa akasema. Bila uso sina la kufanya, na polisi wenu huko hawana la kufanya vilevile. Akampa anwani ya barua pepe.

Basi kazi ikawa kuupata uso. Nyaboke alirudi nyuma kidogo, kama alivyofundishwa, akajiuliza kilichoamsha mambo. Annonciata alikuwa Houston tangu 2004 bila kusumbuliwa. Picha zilianza Machi. Kulitokea nini Februari?

Kulitokea ushuhuda. Annonciata alisimama mbele ya kanisa, kama ilivyo desturi yao, akaeleza alikotoka: Uvira, Port Elizabeth, kifo cha Heritier. Akamaliza kwa kusema analo daftari la kaka yake, na kwamba Mungu atalifungua siku moja. Kanisa lote likasema amina. Watu sitini walikuwepo. Mmoja wao hakulala usiku huo.

Kati ya hao sitini, waliomsaidia kuhamia nyumba mpya walikuwa tisa tu. Nyaboke aliwaandika majina yao kwenye bahasha. Walikuwa ni watu waliombebea godoro, waliokula wali wake, waliomwombea. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Nyaboke aliwahi kuona msemo huo ni wa kutisha watoto. Siku hiyo ulimtisha yeye.

Jina la kwanza kwenye bahasha lilikuwa Vital.

Vital alikuwa kipande cha mtu, mpakiaji kwenye ghala moja Stafford. Hakuficha kwamba aliishi Port Elizabeth. Hakuficha pia kwamba alimposa Annonciata mwaka uliopita, akakataliwa. Mpelelezi mvivu angemfunga kamba hapohapo. Nyaboke alimkuta wakati wa mapumziko, kwenye maegesho ya ghala, anakula mihogo kutoka kwenye kopo la plastiki ndani ya gari lake. Alichagua kusimama upande wa barabara, magari yapite yakimwona, na simu mkononi. Alimuuliza alikuwa wapi saa nne na nusu asubuhi. Vital akamwonyesha msimamizi wake kwa kidole: aligonga kadi ya kuingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na hajatoka getini. Msimamizi akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye karatasi zake.

Hapo Nyaboke akatoa picha ya farasi. Alikuwa na swali moja aliloliandaa barabarani, dogo, la kijinga.

"Ndugu Vital, huyu farasi anafanya nini?"

Vital aliinama. "Iko nakunywa maji, mama. Lakini ile foto mulikata vibaya. Hapa kuko asikari, alipiga magoti, anamushikia ndoo."

"Mbona mimi naona farasi ameinama tu?"

"Ni sababu mulikata ndoo. Mutu akisimama karibu na asikari, ukikata mutu, unakata asikari na ndoo pamoja." Alimtazama Nyaboke kwa macho madogo yaliyochoka. "Kama ni mimi natisha mama Élodie, ningekuambia iko nakula majani."

Na ndiyo ilikuwa maana ya swali. Katika kipande kilichobaki hapakuwa na askari wala ndoo. Mtu asiyewahi kufika Port Elizabeth angeona farasi anayekula nyasi, au anayenusa, au aliyechoka. Aliyefika pekee ndiye angejua kwamba anakunywa. Na kati ya wale tisa, ni Vital peke yake aliyesema amewahi kufika. Nyaboke alifuta jina lake kwenye bahasha, akamwomba aje Alief saa tisa akitoka kazini, na asimwambie mtu. Kisha akaingia garini, akafunga milango yote, akakaa dakika nzima kabla ya kuwasha.

Saa nane na nusu nyumba ya Annonciata ilijaa. Kwa Wakongo mtu hahami peke yake. Akina mama wa kanisa walikuja na vyungu, na mikanda ya kufungia masanduku, na nyimbo. Nyaboke angependa wasiwepo. Halafu akafikiri tena, akaona heri wawepo, maana penye macho kumi mtu hachomoi kisu upesi.

Alianza na Bernadette, mke wa mchungaji, mwanamke mchangamfu mwenye kusikia nusu ya unachosema na kujibu robo. Bernadette alibeba albamu ya kanisa popote alipokwenda. Nyaboke aliiomba kwa kisingizio cha kumbukumbu ya safari, akaipekua jikoni kwa kasi, akiwatafuta watu nane waliobaki. Krismasi, ubatizo, harusi mbili, pikiniki ya Pasaka. Mmoja, wawili, wanne. Watu saba wakapatikana. Wa nane hakupatikana. Alipekua upya tangu mwanzo, akilowesha kidole.

"Mama Bernadette, sioni kaka Method."

Bernadette alicheka. Method hawezi kuonekana, akaeleza, kwa sababu Method ndiye anayeshika kamera. Kila sherehe yeye ndiye mpiga picha. Mara ngapi wamembembeleza asimame na wenzake, naye hukataa kwa upole. Mtu mnyenyekevu sana.

Method alikuwa dereva wa gari la kanisa. Kila asubuhi alizunguka Alief akiwachukua akina mama wasiojua kuendesha, akawashusha kwenye nyumba za wazee wanakofanya kazi, na jioni akawarudisha. Miezi saba alikuwa akimbeba Annonciata, bega kwa bega kwenye kiti cha mbele. Historia yake wote waliijua: alikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akatoka hapo moja kwa moja hadi Houston mwaka 2003. Kwa maneno yake, hajawahi kuvuka Tanzania kwenda kusini. Ndiye aliyejitolea kumpeleka Annonciata na mwanawe Mansfield leo, mwendo wa saa nne na ushee za barabara kuu, wakiwa watatu peke yao, na daftari begini.

Lakini kamera si kosa, na unyenyekevu si ushahidi. Nyaboke alihitaji kuuliza.

Alitoka nje. Maegesho yalikuwa na jua kali la Aprili, Method amefungua mlango wa nyuma wa gari na anapanga masanduku, amevaa kofia ya besiboli iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Kando yake akina mama watatu walikuwa wakifunga godoro kwa kamba. Nyaboke hakumwendea yeye. Aliwaendea hao akina mama, akawaonyesha picha huku akitabasamu kwa meno makavu, akawauliza kama mzaha farasi huyu anafanya nini.

Wa kwanza akasema anakula majani. Wa pili akasema hapana, ananusa mavi ya mwenzake, wakaangua kicheko. Wa tatu akasema amezeeka, kichwa kimekuwa kizito. Wakaanza kubishana kwa furaha, na ubishi ukapamba moto, na majani yakaonekana kushinda.

Kuna watu ambao ukikosea jambo wanalolijua hawawezi kukaa kimya, hata kama ukimya ungewaokoa. Method aliweka sanduku chini, akasogea, akaitupia picha jicho juu ya bega la mama wa kwanza.

"Hapana, bamama, pale hakuna majani," akasema. "Iko nakunywa. Asikari ndio anamushikia ndoo."

Wale akina mama wakaitazama picha, wakatafuta askari, hawakumwona. Mmoja akamwambia Method aende akapimwe macho. Wakacheka tena na kurudi kwenye kamba zao.

Method hakucheka. Aliitazama picha vizuri sasa, akaona mahali mkasi ulipopita. Kisha akamtazama Nyaboke. Walikuwa wametengana hatua mbili, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kisu cha kukatia kamba. Nyaboke alikuwa na miaka mingi ya kuhoji wauaji, na bado kichwani likamjia wazo moja tu, kwamba amevaa viatu visivyofaa kukimbilia.

"Mimi hata sikuona farasi," akasema. "Nilidhani ni punda. Macho yangu yameisha, kaka Method."

Aligeuka akatembea kuelekea mlangoni, mgongo ukimwasha, akijilazimisha asiharakishe. Alihesabu hatua ishirini na mbili.

Jikoni alifunga mlango, akamwambia Annonciata jina. Hakulizungusha. Alidhani atapiga kelele, lakini Annonciata alitazama mikono yake, akaanza kuifuta kwenye kitenge, taratibu, mara nyingi, kama ina kitu.

"Miezi saba," hatimaye akasema. "Ananiuliza nililala je. Ananiuliza mtoto alikula."

Nyaboke alimweleza yaliyokuwepo, kwa haraka. Alikuwa amewapigia polisi sasa hivi. Walisema kauli juu ya farasi haitoshi kumshika mtu, wataleta gari likipatikana. Ule uso wa kupeleka Port Elizabeth ndio ungefungua kila kitu, na uso huo haukuwepo popote. Leseni ya udereva ya Method ilikuwa na picha, ndiyo, lakini hakuna ofisi ambayo ingempa Nyaboke nakala kwa kuomba tu. Method alikwisha kuhisi. Akiondoka leo na gari lile hatarudi, na atakuwa mtu mwingine katika mji mwingine. "Kuna mlango wa nyuma," akasema. "Gari yangu iko hapo kwa kichochoro. Tutoke sasa hivi na mtoto, nitakuficha kwangu, hayo mengine tuta-sort baadaye."

"Na kisha?"

"Kisha tuone."

"Mama, mimi natoka kwa milango ya nyuma tangu Uvira." Alifunga kitenge upya kiunoni. "Niko naogopa. Naogopa mupaka nasikia kutapika. Lakini nikitoka kwa ule mlango leo, nitasimama wapi? Sema tu unahitaji nini."

"Uso wake. Picha moja nzuri."

Annonciata alikwenda hadi sebuleni, akamwambia Bernadette kitu. Punde Bernadette akapiga makofi na kutangaza foto ya kuagana, maana hakuna safari ya Wakongo isiyo na foto ya kuagana, na watu wote wakamiminika maegeshoni wakirekebisha vitambaa vya kichwa. Vital alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Nyaboke alimnong'oneza asimame karibu na Method na asiondoke hapo hata kwa dawa.

Walijipanga mbele ya gari la kanisa. Method, kama kawaida yake, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kupokea kamera ndogo ya dijitali ya Bernadette. Annonciata aliifikia kwanza.

"Leo nitapiga mimi, kaka Method," akasema. "Wewe umetupiga miaka yote. Ingia na wenzako."

Method alisema hapana, msafiri ndiye anayepaswa kuwemo. Annonciata akasema msafiri ataingia ya pili. Method akasema jua ni baya, amechelewa, barabara ni ndefu. Lakini unyenyekevu ukizidi huwa mzaha, na akina mama walikuwa wameungoja mzaha huo tangu Krismasi. Wakamshika mikono, wawili huku na wawili kule, wakamburuta katikati ya safu wakiimba jina lake. Angewasukuma, wote wangejua. Aliduwaa. Vital alisimama nyuma yake, akamwekea mkono begani kama rafiki wa siku nyingi.

Nyaboke alizunguka gari kwa nyuma. Alipiga magoti kwenye kiti cha dereva, akachomoa funguo na kuzitia kwenye sidiria. Kisha akasimama mahali anapoweza kumwona Method mikono.

Annonciata aliinua kamera. Nyaboke aliuona mkono wake ukicheza, akajua picha ya kwanza imeharibika, na kweli iliharibika. Annonciata aliishusha, akavuta pumzi, akabana viwiko kwenye mbavu jinsi wapiga picha wa barabarani wanavyofanya.

"Toa kofia, kaka Method. Hatukuoni."

Alisita. Mama mmoja, bila kuambiwa, akaivua kwa nyuma na kuivaa yeye, na watu wakacheka. Uso ulibaki wazi kwenye jua. Ulikuwa uso wa kawaida wa mtu wa miaka thelathini na kitu, wenye kovu dogo kidevuni, na ulikuwa umelowa jasho kupita wote waliokuwa wamebeba godoro. Alikuwa akiogopa. Annonciata alimwona hivyo kwenye kioo kidogo cha kamera, na alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akabonyeza mara moja, akasogea karibu, akabonyeza tena, na tena.

Alimpa Nyaboke kamera bila kumtazama, uso wa kupelekwa Port Elizabeth ukiwa ndani, akaendelea kumkabili Method. Kicheko kilikuwa kinaanza kufifia. Wale wa mbele walikwisha kuona kwamba mama huyu machozi yanamtoka na hayafuti.

"Sasa shusha mizigo yangu," akasema. "Mimi sihami."

Method aligeuza macho kuelekea kiti cha dereva, akaona funguo hazipo. Mkono wa Vital ulikuwa ungali begani mwake. Akabaki amesimama palepale walipompanga.